Kiti cha Kushoto

Kila aliyeliona gari la mzee Damas alilisifu, isipokuwa mtu mmoja. Na mtu huyo walikuwa wamemzika mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na ardhi ya Likasi ikianza kuwa ngumu chini ya jembe.

Lilikuwa gari jekundu la milango miwili, limeinama mbele kama paka aviziaye panya, lina bawa nyuma na ngurumo iliyofika mahali kabla ya lenyewe kufika. Mwanawe Jimmy, aliyekuwa akiuza vipuri huko Ndola, ng'ambo ya mpaka, alimletea siku baba yake alipomaliza miaka thelathini na minne ya utumishi katika mtambo wa umeme wa Koni. Damas alikuwa akitazamia gari la kubebea mahindi kutoka shambani.

"Papa," Jimmy alimwambia akimkabidhi ufunguo, "miaka yote ulijificha nyuma ya mashini. Sasa bantu bakuone."

Watu wakamwona. Hilo ndilo lililomchosha.

Mwenye gari la namna ile mjini Likasi hana safari iliyo yake mwenyewe. Damas akienda kununua mkate, wabadilisha fedha wa kando ya barabara waliinuka vitini na kupiga makofi: "Vieux jeune, mzee kijana! Utatuua!" Akipita soko la Kikula, wanawake waliacha mizani wakamwita: "Papa, hauna mutoto mwengine wa kiume kama ule? Minye niko na binti!" Waumini wa makanisa ya uamsho nao walikuwa na desturi yao. Waliweka kiganja juu ya boneti, wakafumba macho na kusema kwa sauti: "Papa, najiunganisha na neema yako!" Jioni, akifuta vumbi, Damas alikuta viganja vimechorwa mbele na nyuma, vikubwa kwa vidogo, kama kwamba gari zima lilikuwa limepokea sakramenti.

Alikuwa amelelewa na mapadre wa misheni, watu wakali, waliomfundisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo hakujibu neno, ila aliinua kofia yake na kupita. Hata siku ile alipomkimbiza mkewe Philomène hospitali, mlinzi wa lango alilizunguka gari mara mbili akistaajabia magurudumu kabla hajakumbuka kufungua. Damas aliinua kofia siku hiyo pia. Baadaye alijilaumu kwa nini hakupiga kelele.

Philomène peke yake hakupata kulisifu. Aliliita kisanduku. Aliinama kwa kuguna kila alipoingia, akashona mto wa kitenge cha samawati ili kiti kisimmeze, na akiisha kuketi alikunja mikono juu ya tumbo na kutazama mbele. Na kutazama huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Gari lilikuwa na usukani upande wa kuume, kama magari mengi yaliyoingia kwetu kutoka kusini, ilhali barabara zetu huendewa upande huo huo wa kuume. Basi dereva wake huketi kando ya majani. Akiwa nyuma ya lori, hana aonacho ila mgongo wa lori. Aionaye njia ni yule aliyeketi kushoto.

"Bado," Philomène alisema. Kisha, "Bado." Kisha, "Pita."

Kwa muda wa miaka miwili hakusema zaidi ya hayo barabarani, naye Damas hakupata kuuliza kama ana hakika.

Tangu mkewe alipozikwa, Damas hakulipita lori hata moja. Aliuacha mto wa kitenge pale pale juu ya kiti cha kushoto, na mtu yeyote aliyeomba kupakiwa aliambiwa kwamba kiti kina kasoro. Gari la mashindano likawa linatambaa nyuma ya malori ya madini kama kondoo nyuma ya mchungaji, na vijana wakaongeza dhihaka juu ya sifa: "Papa, gari ya mbio, na unatembea sawa na muntu anaenda ku kilio!" Hawakujua walichokisema.

*

Binti yake Fidélie alikuwa mtawa. Siku ya kupalizwa kwa Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane, angeweka nadhiri zake za daima katika kanisa moja la Lubumbashi, saa nne asubuhi. Desturi ya siku hiyo yajulikana. Padre humwita mtawa kwa jina, naye huitika. Kisha baba na mama humshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakamwongoza mpaka altareni na kumtoa kwa Mungu mbele ya watu wote. Mzazi asipokuwapo, ndugu husimama mahali pake, na Misa huendelea.

Fidélie alikuwa amepiga simu usiku wa kuamkia novena, zile siku tisa za sala. "Papa, mama hayuko. Mama mukubwa Kabedi atasimama fasi yake. Lakini fasi yako, sitaki muntu mwengine asimame. Usichelewe."

"Nimewahi kuchelewa kazini, mwanangu?" Damas alijibu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha misheni, kilichonyooshwa kama shuka la kitanda cha bweni.

Jumuiya yao ya kanisa, mtaani Panda, ilikodi basi, na Damas aliwekewa kiti cha mbele. Lakini Kabedi, dada mkubwa wa Philomène, alishuka kutoka Kamina usiku wa kuamkia safari bila kumwarifu mtu kwamba angepitia Likasi, na basi lilikuwa limejaa. Saa kumi na moja alfajiri alisimama barazani kwa Damas, amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi ya usiku wa kiangazi, akalimulika gari jekundu kwa tochi.

"Hii ni gari ao ni kiatu?"

"Ni gari, Mama Kabedi."

"Minye siingie ndani ya kiatu. Nitakufa kabla ya kumuona mutoto."

Damas akampa kiti chake cha basi. Watu wa jumuiya walimsifu kwa moyo wake mwema, naye aliinama kichwa, kwa maana alijua kwamba moyo haukuwa na wema wowote: alikuwa ameona nafuu. Alimwogopa mtu yeyote ambaye angeketi juu ya mto ule. Alipendelea kwenda peke yake, nyuma ya malori, akiwa na muda wa saa nne nzima mbele yake.

Saa nne hizo hazikutosha. Kwenye kizuizi cha kulipia barabara, binti wa kibanda alimkabidhi stakabadhi kisha akaishika tena. "Papa, ngoja kwanza. Willy! Willy, kuya uone!" Willy akaja, na wenzake wawili nyuma yake, wakataka kusikia injini ikinguruma. Damas hakukanyaga mafuta. Willy akalichungulia bawa la nyuma, akauliza lina kazi gani, akajijibu mwenyewe, akawaeleza wenzake. Nyuma honi zilikuwa zikilia. Alipofunguliwa, malori manne yaliyokuwa nyuma yake katika mstari wa pili yalikuwa yamekwisha kutangulia, na la mwisho lilikuwa tangi refu lililokwenda polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya.

Alilifuata. Jua lilipanda. Kila mara njia iliponyooka alisogea kidogo kushoto, akanyoosha shingo mpaka ikauma, akaona ubavu wa tangi na mbingu, akarudi. Pikipiki zilimpita. Basi la abiria lilimpita, na abiria wakatoa vichwa madirishani wakipunga mikono na kushangilia: "Muzuri! Muzuri sana, vieux!" Saa mbili na nusu ikamkuta hajafika hata nusu ya safari.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Tangi lilisimama kando kupoza injini, naye akasimama nyuma yake kama mtu aliyesahau kwamba sasa njia i wazi. Penye magunia ya makaa, kando ya kina mama waliokuwa wakiyauza, palikuwa na mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa miwani ya jua na viatu vyeupe, ambaye teksi aliyopanda ilikuwa imepasuka gurudumu. Alimwacha dereva na gurudumu lake, akaja mbio.

"Mungu wa mbinguni! Papa, hii ni yako? Hii yenyewe? Shikamoo, papa. Minye ni Clovis, nanunua mawe ya madini kule Kamatanda. Miaka yote naomba Mungu anionyeshe hii gari, na leo ananionyesha!" Kiganja kilikuwa tayari juu ya boneti. "Najiunganisha!"

"Unakwenda Lubumbashi?"

"Hata kama ilikuwa kwenda mbinguni, papa, na hii gari ninaenda."

Damas akatazama barabara. Mbele, malori mengine matatu yalikuwa yanapanda mlima, moshi wao mweusi ukionekana juu ya miti.

"Unajua kumwangalilia dereva njia?"

"Minye?" Clovis aliivua miwani ili macho yaonekane. "Haya macho inaona shaba chini ya udongo, papa. Lori itanishinda?"

Basi mzee Damas akauchukua mto wa kitenge kwa mikono miwili, akauweka kiti cha nyuma, akamwambia aketi.

Clovis hakunyamaza. Aliusifu mlango kwa jinsi ulivyofungika, akaisifu saa ya mwendo, akaisifu harufu. Aliposikia kwamba gari lilitoka kwa mwana, akamsifu Jimmy, ambaye hakumjua, na tumbo lililomzaa. Damas alisikia jina la mkewe lisilotajwa likipita katikati ya maneno hayo. Wakalifikia lori la kwanza, lililobeba mifuko ya madini chini ya turubai.

"Njia i wazi?"

"Inakuya pikipiki. Bado. Sasa… pita!"

Akapita. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mwezi wa tano. Clovis alipiga kelele za furaha, akatoa simu yake mfukoni.

"Bantu ba Kamatanda lazima banione. Papa, endelea, usiangalie huku, fanya kama vile haunione."

Lori la pili lilikuwa pana kuliko la kwanza. Damas akasogea. "Njia i wazi?"

"Safi kabisa, papa! Pita! Hii gari haiogope kitu!"

Damas akatoka nyuma ya lori, akaona taa mbili kubwa zikimjia usoni.

Aliyoyafanya hakuyafikiri, miguu na mikono ilifanya. Akafunga breki, akarudi nyuma ya lori, gari likayumba kama mlevi, na kile kilichokuwa kinakuja kikapita kwa upepo na honi ndefu, kikakinyofoa kioo cha ubavuni cha kushoto kama mtu achumaye pilipili. Wakasimama majanini. Vumbi likawafunika, kisha likatua.

Clovis alikuwa amekishika kifua chake. Miwani ilikuwa imeanguka, na simu bado ilikuwa inarekodi miguuni pake.

"Papa," alisema kwa sauti ya mtoto, "minye niliona gari."

"Gari gani uliloliona?"

"Hii. Yako. Ndani ya telefone."

Hasira ilimwinuka Damas, kisha ikarudi ilikotoka, maana haikupata mtu wa kumwangukia. Aliyeyachagua macho kwa kuusikiliza mdomo alikuwa nani? Angalimwuliza mama yeyote wa makaa, mmoja ambaye hakugeuza hata shingo gari lilipofika, angalifanya busara.

"Nishuke, papa?" Clovis aliuliza.

Saa ya garini ilionyesha saa tatu na robo. Zilikuwa zimebaki kilomita sitini.

"Kaa," Damas alisema. "Simu weka mfukoni. Usiniambie habari ya gari wala ya mwanangu. Utasema maneno mawili tu: bado, na pita. Ukiwa na shaka, sema bado."

"Ndiyo, papa."

"Binti yangu ananingoja. Mama yake amekufa."

Clovis akakunja mikono juu ya tumbo, akatazama mbele.

"Bado," alisema nyuma ya lori lile. "Bado, papa. Inakuya lori. Inakuya ingine nyuma yake. Bado." Jasho lilimtiririka masikioni. "Bado. Bado… Pita."

*

Saa nne ilikuwa imepita kwa dakika ishirini walipoingia katika ua wa kanisa. Ua ulikuwa umejaa watu waliokosa nafasi ndani: madereva, wapiga picha za sherehe, kina mama waliokuwa wakisonga ugali katika masufuria makubwa. Ngurumo ya gari ikawageuza wote. Kabla Damas hajazima injini walikuwa wamekwisha kulizunguka.

"Ayayaya! Ni nani huyu? Muheshimiwa?"

"Vieux, usishuke kwanza! Photo moja tu na jamaa!"

"Hata kama haina kioo, hii ni gari. Angalia bawa yake!"

Alisukuma mlango, ukagonga miili. Alisukuma tena. Msichana mmoja alikuwa ameegemea mlango huo huo, akitabasamu kwa ajili ya simu ya mwenzake. Na kutoka katika vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mlango wa kanisa, Damas akasikia jina la binti yake likiitwa, polepole, kwa fahari, na sauti yake ikiitika: "Niko hapa, Bwana. Umeniita."

"Nipisheni," Damas alisema. Sauti haikutoka vema. Mzee aliyeinua kofia kwa miaka miwili hakuwa na kelele kifuani. "Nipisheni, tafadhali."

"Papa ananyenyekea, na gari sawa hii!" mtu alisema, na wengine wakacheka kwa upendo.

Clovis alikuwa ameshuka upande wake. Alikuja akiwasukuma kwa viwiko, akasimama mbele ya mlango wa kuume na mikono ameitandaza.

"Eh! Mutoke! Ni papa ya sista! Banamuita binti yake kule ndani, na nyinye munapiga ma photo? Weye, mademoiselle, ondosha mugongo yako!" Msichana akaruka. Clovis akautazama ua upande wa kushoto, akautazama upande wa kuume, kwa makini, kama kwamba malori yangetokea katikati ya masufuria. Kisha akashika mlango na kuufungua.

"Pita, papa."

Ndani palikuwa na giza baada ya mwanga wa nje. Kwaya ilikuwa inaimba na kucheza, hatua moja mbele, nusu hatua nyuma. Mbele, chini ya ngazi za altare, Kabedi alikuwa amemshika Fidélie mkono wa kushoto. Mkono wa kuume ulikuwa umening'inia wazi, na katika benchi ya kwanza mjomba mmoja alikuwa tayari ameinuka, akifunga vifungo vya koti. Damas alipita katikati ya kanisa akitembea, maana hakufundishwa kukimbia mahali kama pale. Akaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi, ukamfinya kwa nguvu mpaka mifupa ikalia.

"Unachelewa," Kabedi alinong'ona bila kugeuka. "Na unanuka breki."

Wakapanda ngazi, watu watatu, wakamtoa.

*

Baada ya Misa palikuwa na chakula, na gari likapata mkutano mkubwa kuliko mtawa mwenyewe. Mjomba alilisifu. Padre kijana alilisifu. Damas aliketi kwenye kiti cha plastiki na sahani magotini, akiinua kofia. Alimtafuta Clovis kwa macho ili amshukuru, lakini Clovis alikuwa amekwisha kwenda shughuli zake, bila kuaga na bila kuomba kitu.

Fidélie akaja, amevaa taji la maua juu ya shela. Watu walimpisha. Alilizunguka gari kimya mpaka akafika ubavu wa kushoto, akagusa nyaya zilizoning'inia pale kioo kilipokuwa. Aliporudi kwa baba yake hakusema habari ya kioo.

"Papa. Ni nani alikuwa anakuangalilia njia?"

"Mtu mmoja. Nilimkuta njiani."

"Na ya kurudi?"

Kabedi, aliyekuwa karibu akivunja mfupa wa kuku kwa meno, aliacha kutafuna.

Saa kumi basi la jumuiya lilipiga honi. Damas alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mikono magotini, akiyapanga malori yote ya njia katika kichwa chake na kuchoka kabla ya kuanza. Mlango wa kushoto ukagongwa.

"Fungua," Kabedi alisema. Alikuwa na kifurushi chake mkononi.

"Ulisema ni kiatu."

"Ni kiatu kabisa. Fungua."

Aliingia kwa hatua nyingi, akiguna, kichwa kwanza, kisha akakwama, kisha mguu. Waliokuwa uani wakapiga makofi. "Hawa banashangilia nini?" alilalamika. "Muntu anaingia ndani ya gari sawa panya anaingia mu ukuta, banapiga mikono." Akahangaika kitini, akapeleka mkono nyuma akipapasa, akauvuta mto wa kitenge, akautia chini yake. Hakuuliza ni wa nani. Labda aliijua mishono.

Walitoka mjini. Jua la kiangazi lilikuwa limeshuka mbele yao, jekundu kwa vumbi, na macho ya Damas yaliwaka kwa usingizi na kwa mambo mengine. Walipofika kwenye mteremko wa kwanza walilikuta lori refu lenye magunia ya chokaa. Watoto wa kando ya barabara waliwaona, wakaanza kukimbia sambamba nao wakiimba sifa za gari. Damas aliinua kofia. Kisha, kwa mazoea tu, bila kuuliza kitu, akasogea kidogo kushoto.

"Bado," Kabedi alisema.

Akarudi nyuma ya lori, akangoja.